Busia: Mji Ambao Mikono Hufanya Kazi ya Miguu

Ndugu msomaji, ikiwa hujawahi kufika Busia, hebu nikupeleke huko Jumapili ya leo. Panda matatu mjini Kisumu asubuhi na mapema. Utapita Maseno, mahali ambapo mstari wa Ikweta unakata barabara, kisha Luanda, Yala, Ugunja na Bumala, na kabla jua halijafika utosini utakuwa umefika ukingoni mwa Kenya. Dalili ya kwanza kwamba umekaribia mpaka si bendera wala askari, bali ni malori. Yamepangana kando ya barabara kama siafu, mengine yamebeba mafuta, mengine makasha kutoka bandari ya Mombasa, yote yakielekea Kampala na mbele ya Kampala. Madereva na utingo wao wameketi vivulini wakinywa chai. Baada ya malori utawakuta wabadilishaji pesa wenye mabunda ya shilingi za Uganda mikononi, akina mama wanaouza ndizi na njugu karanga, na vijana wa bodaboda ambao watakugombania hata kabla hujakanyaga chini.

Busia si mji wa watalii. Hapana ufuo wala simba, na mtu aliyezoea raha za Mombasa atajiuliza amefuata nini huku. Lakini simama kidogo kando ya barabara, karibu na pale malori yanapogeuka kuingia uwanja wa forodha, nawe utaona jambo ambalo hutalikuta kwa wingi hivyo katika mji mwingine wowote wa Kenya. Utaona baiskeli za magurudumu matatu zikija na kwenda, nazo hazikanyagwi kwa miguu. Zinazungushwa kwa mikono.

Mwendeshaji ameketi kwenye kiti kilicho chini kidogo, miguu yake imekunjwa au imelazwa mbele juu ya ubao. Mbele ya kifua chake, mahali ambapo baiskeli ya kawaida ina usukani, pana pedali mbili za kushika. Anazizungusha kwa nguvu, mabega yakipanda na kushuka, na mnyororo unateremka kutoka hapo hadi kwenye gurudumu. Nyuma ya kiti limeungwa sanduku la vyuma, pana kama meza. Humo mna magunia ya mahindi, katoni za sabuni, vibuyu vya mafuta ya kupikia, trei za mayai zilizofungwa kwa kamba za mpira. Mzigo ukiwa mzito mno utaona kijana mmoja au wawili wakisukuma kwa nyuma. Usidhani kwamba wanamsaidia maskini wa Mungu. Hao wameajiriwa. Mwenye baiskeli ndiye bwana kazi, na safari ikiisha yeye ndiye atakayewalipa.

Mgeni anayeona hayo kwa mara ya kwanza aghalabu hukosa la kusema. Tumezoea kumwona mlemavu barabarani akiwa na kopo mkononi. Hapa anakupigia kengele uondoke njiani kwa sababu umemchelewesha.

Ili uelewe jinsi mambo yalivyofika hapa, yafaa ujue kwanza kwamba mpaka wenyewe ni mgeni kuliko watu. Hadi mwaka wa 1902 nchi iliyoitwa Uganda ilienea mpaka karibu na Naivasha. Mwaka huo Waingereza walilihamisha jimbo lote la mashariki mwa Uganda wakaliunganisha na eneo ambalo baadaye lilikuja kuwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta huku na huku, shangazi upande mmoja na mpwa upande wa pili. Kwa hiyo kuvuka si jambo la ajabu kwa mwenyeji. Anavuka kwenda kumzika jamaa, kununua chumvi, kunywa pombe ya harusi, na jioni anarudi kwake.

Kisha likaja suala la bei. Mahali popote penye mpaka, kitu kilicho rahisi upande huu huwa ghali upande ule, na mtu atatafuta njia ya kukipeleka. Idi Amin alipotwaa mamlaka ya Uganda mwaka wa 1971, na mwaka uliofuata akawafukuza Waasia waliokuwa wakiendesha viwanda na maduka mengi ya nchi hiyo, bidhaa ziliadimika. Sabuni, sukari, chumvi na mafuta ya taa vikawa vitu vya kutafutwa kwa kurunzi, na neno magendo likawa wimbo katika kila kinywa cha mpakani. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki nayo ikavunjika mwaka wa 1977, hivyo ukuta ukazidi kuwa mrefu. Wazee wa Bungoma watakusimulia jinsi kahawa ya Uganda ilivyovukia soko la Chepkube katika miaka ya 1976 na 1977, watu wa kawaida wakalala fukara na kuamka matajiri. Busia haikuwa nyuma.

Katika pilikapilika hizo ndipo baiskeli zilipopata kazi. Bila shaka unajua kwamba neno bodaboda lilizaliwa huku mpakani. Vijana waliweka mto juu ya karia ya baiskeli, wakawa wanawabeba abiria kutoka kituo kimoja hadi cha pili, wakiita kwa sauti wanakokwenda: boda, boda. Leo neno hilo limeenea hadi miji ya mbali, ingawa baiskeli zenyewe zimepokonywa nafasi na pikipiki, hasa baada ya serikali ya Kenya kuziondolea pikipiki ndogo kodi ya VAT mwaka wa 2008.

Habari za bodaboda zimeandikwa sana. Zile za ndugu zao wa magurudumu matatu zimesahauliwa. Wakati vijana wenye miguu mizima walikuwa wakibeba watu, walemavu wa Busia waligundua kwamba wao wanaweza kubeba mali. Baiskeli ya magurudumu mawili ikipakiwa kupita kiasi huanguka. Ya magurudumu matatu husimama imara hata ikiwa imejazwa hadi kimo cha mtu, na mwendeshaji anaweza kupumzika katikati ya safari bila kuishikilia. Tena palikuwa na faida ya pili, na hii ndiyo kubwa. Maafisa wa forodha, wa upande huu na wa upande ule, walikuwa wakiwatazama hawa watu wakipita, nao wakageuza nyuso.

Mwaka wa 2007 mwanaanthropolojia Susan Reynolds Whyte na mtafiti wa Uganda, Herbert Muyinda, walichapisha uchunguzi wao juu ya waendeshaji wa Busia, nao walieleza jambo hili kwa kina. Haikuwa sheria. Hapakuwa na karatasi yoyote iliyosema kwamba mlemavu asilipe ushuru. Yalikuwa maelewano ya kimyakimya: huyu hana njia nyingine ya kujikimu, mzigo wake ni mdogo ukilinganishwa na lori, na kumkamata mtu asiyeweza kutembea ukamtupa korokoroni ni fedheha kwa afisa mwenyewe. Wafanyabiashara wenye miguu yao waliona upenyo huo. Wakaanza kuwapa walemavu mali wavushe, kwa malipo. Ndivyo kazi ilivyozaliwa, na watu waliokuwa wakifichwa majumbani wakawa na mke au mume, wakajenga nyumba za bati, wakasomesha watoto, na wakaunda vyama vyao vya kusemezana na wakubwa.

Je, tuseme walikuwa wakivunja sheria? Naam, mara nyingi walikuwa wakivunja. Sitakuficha hilo, na wala sioni haja ya kulipamba. Lakini napenda ulitazame na upande wa pili. Mtu akinyimwa shule kwa sababu ina ngazi, akanyimwa kazi kwa sababu ofisi iko orofa ya tatu, akashindwa kupanda matatu kwa sababu utingo hataki kupoteza dakika mbili, kisha akapata mlango mmoja tu uliosahauliwa wazi, ni nani kati yetu ambaye hangepita?

Wengi wa waendeshaji wa kizazi hicho waliathiriwa na polio. Ugonjwa huu hushambulia neva zinazoamrisha misuli, na aghalabu huiacha miguu ikiwa imesinyaa huku mikono ikibaki mizima. Hauondoi hisia, kwa hiyo mtu husikia maumivu na joto kama kawaida. Chanjo ya kwanza ilitangazwa kufaulu nchini Marekani mwaka wa 1955, lakini ilichukua muda mrefu kuwafikia watoto wa vijijini kwetu. Kenya ilianzisha mpango wake mkubwa wa chanjo mwaka wa 1980. Tarehe 25 Agosti 2020 bara la Afrika lilitangazwa kuwa halina tena virusi vya polio ya asili. Ni habari njema kupita kiasi, na maana yake hapa Busia ni kwamba waendeshaji wa zamani wanazeeka. Ukiwatazama utaona mvi.

Lakini usifikiri baiskeli hizi zitakosa wenyewe. Siku hizi anayeikalia huenda akawa kijana wa miaka 25 aliyevunjika uti wa mgongo katika ajali ya barabarani, na mara nyingi ajali hiyo ilikuwa ya pikipiki. Mji ulioizaa bodaboda sasa unauguza majeruhi wake. Na kijana huyu ana shida ambayo wazee wa polio hawakuwa nayo: hana hisia kiunoni na miguuni. Akikalia ubao mtupu kuanzia asubuhi hadi jioni atapata kidonda asikisikie mpaka kimefika mfupani. Anahitaji mto mnene, na anahitaji kujiinua kwa mikono mara kwa mara ili damu ipite. Hilo ni jambo la uhai na kifo, na fundi anayemtengenezea baiskeli yafaa alijue.

Tukiwa bado juu ya fundi, tuingie kidogo katika ufundi wenyewe, maana nimeona watu wakidhani hiki ni kiti cha magurudumu kilichorefushwa. Sivyo. Kiti cha magurudumu husukumwa kwa kugusa rimu kwa viganja, na kila msukumo hupotea nusu. Ni kifaa cha ndani ya nyumba na cha sakafu laini. Kwenye barabara ya changarawe ya Busia, magurudumu yake madogo ya mbele yatazama kwenye shimo la kwanza. Baiskeli ya mikono ina mnyororo, na mzunguko wa mikono hauna mwisho, kwa hiyo nguvu haipotei njiani. Gurudumu la mbele ni kubwa kama la baiskeli ya kawaida, nalo hupanda mawe na kuvuka mitaro midogo. Mtu mwenye mabega yenye nguvu atakwenda nayo kilomita nyingi kwa siku.

Kasoro zake ni tatu, na kila mwendeshaji atakusimulia. Kwanza, mlima. Baiskeli nyingi za kwetu hazina gia, na kwa kuwa zinavutwa na gurudumu la mbele huku uzito wote ukiwa nyuma, mlimani gurudumu hilo hupoteza mshiko likazunguka bure. Ndiyo maana utawaona wasukumaji. Pili, breki. Ukishuka na magunia mawili nyuma yako, huku mikono yote miwili ina kazi ya kuzungusha na kuongoza, breki moja iliyochakaa haitakuokoa. Ya tatu ni upana. Baiskeli hii haipiti mlangoni, haiingii chooni, haipandi ngazi, wala haipakiwi juu ya matatu kwa urahisi. Mwenyewe akiiacha nje ili aingie benki au hospitali, anaingia akitambaa, na akitoka huenda akaikuta imeibwa.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba kifaa hiki kina umri mkubwa kuliko baiskeli yenyewe. Baiskeli ya kwanza ya magurudumu mawili, ile ya Mjerumani Karl von Drais ambayo haikuwa hata na pedali, ilitokea mwaka wa 1817. Lakini mwaka wa 1655 huko Altdorf, karibu na mji wa Nuremberg, fundi wa saa aliyeitwa Stephan Farffler alikuwa amekwisha kujitengenezea gari dogo la magurudumu matatu la kuzungushwa kwa mikono. Alikuwa na miaka 22, na miguu yake haikuwa ikifanya kazi. Mtu asikudanganye basi kwamba walemavu waliiga baiskeli kutoka kwa wazima. Mlemavu alitangulia kwa zaidi ya miaka 160.

Huko ng'ambo ufundi huo umefika mbali. Katika michezo ya Paralimpiki ya Athens mwaka wa 2004 mashindano ya baiskeli za mikono yaliingizwa kwa mara ya kwanza, na vifaa vinavyotumika humo ni vyepesi ajabu, dereva akiwa amelala chali kama anayeota jua. Ni vizuri kuviona kwenye runinga. Lakini kimoja chao, kikiletwa Busia, hakingemaliza wiki. Kinachotakiwa hapa ni kitu ambacho spoku zake zinapatikana dukani, tairi na tyubu zake ni zilezile za baiskeli nyeusi za kawaida, na fremu yake ikikatika saa nne asubuhi, fundi wa jua kali atakuwa ameichomelea kabla ya saa sita. Chama cha Walemavu wa Viungo nchini, APDK, ambacho kilianzishwa mwaka wa 1958, kimekuwa kikitengeneza viti na baiskeli za namna hiyo katika karakana zake kwa miaka mingi. Huku mpakani, mafundi wa kuchomelea wameongeza lao: wanairefusha fremu, wanatia mabomba mazito zaidi, na wanaunga lile sanduku la nyuma kwa kadiri ya kazi ya mteja. Ukipata nafasi, simama mbele ya karakana kama hiyo utazame. Hapana mchoro wala kipimo cha kitabuni. Mteja hukalishwa, fundi humpima urefu wa mkono kwa kipande cha bomba, kisha kazi inaanza.

Turudi barabarani. Nimekuambia kwamba riziki ya waendeshaji hawa ilisimama juu ya mambo mawili: tofauti ya bei na uso uliogeuzwa. Yote mawili yametikisika.

Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ilifanya Umoja wa Forodha kuanzia Januari 2005, na ushuru kati ya Kenya na Uganda ukaondolewa hatua kwa hatua hadi kufikia mwaka wa 2010. Kwa bidhaa zilizolimwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya, mfanyabiashara mdogo sasa anaweza kuvusha mali isiyozidi thamani ya dola 2,000 kwa kujaziwa hati rahisi ya kuthibitisha asili yake. Kwa mama anayeuza maharagwe hilo ni jambo zuri. Lakini fikiria kidogo: ikiwa mama huyo anaweza kuvusha gunia lake kihalali mwenyewe kwa mkokoteni au pikipiki, atamlipa mwenye baiskeli ya mikono kwa sababu gani?

Kisha kikaja kituo kipya. Mnamo Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua hapa kituo cha pamoja, ambapo msafiri hukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja badala ya kusimama mara mbili. Pana majengo mazuri, uwanja mpana wa malori, ua mrefu na mizani. Foleni zilipungua. Ila, uwanja ukizungushiwa ua, njia za pembeni huwa ndefu zaidi, na ulimwengu ambao afisa alikuwa akimjua kila mwendeshaji kwa jina unabadilika kuwa wa karatasi na kompyuta. Kompyuta haina uso wa kugeuza.

Ongeza hapo janga la korona. Mwezi wa Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa wasafiri, malori ya mizigo tu yakaruhusiwa kupita. Mtu anayeishi kwa kuvuka mara nne kwa siku akawa hana hata mara moja. Njia za panya zilitumika, lakini njia za panya ni za mtu anayeweza kuruka mtaro na kukimbia. Baiskeli ya magurudumu matatu yahitaji barabara.

Wengine wamejaribu kujisalimisha kwa bidhaa ambazo bado zina tofauti ya bei au zimezuiwa. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, mifuko hiyo iliendelea kuingia ikitokea Uganda, na Busia ilitajwa sana. Mwezi wa Machi 2021 mahindi ya Uganda yalizuiwa kwa sababu ya sumukuvu, kisha yakaruhusiwa siku chache baadaye kwa masharti. Kila marufuku ya namna hiyo huleta mavuno ya muda mfupi kwa anayethubutu, na hatari ya kunyang'anywa mali yote pamoja na baiskeli. Baiskeli ikishikwa, mwenzangu, si sawa na mtu kunyang'anywa chombo chake cha kazi tu. Umemnyang'anya na miguu.

Hali hii si ya Busia pekee. Kwenye mpaka wa Goma na Gisenyi, baina ya Kongo na Rwanda, utakuta walemavu wenye baiskeli kubwa za magurudumu matatu wakivusha mizigo hivyohivyo, nao huongea Kiswahili ambacho ungekielewa vizuri. Kule Kinshasa, ng'ambo ya mto kutoka Brazzaville, walemavu walikuwa mashuhuri kwa kuvusha mali kwa kivuko wakifaidika na nafuu ya nauli na ushuru. Inaonekana popote serikali ilipowasahau watu hawa, mpaka uliwakumbuka.

Kuhusu sheria, hatuna uhaba. Kenya ilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka wa 2003, iliyounda Baraza la Kitaifa la kushughulikia mambo yao. Mwaka wa 2008 tuliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa unaozitaka nchi zirahisishe watu hawa kupata vifaa vya kusafiria kwa gharama nafuu. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutumia mahali pote na uchukuzi wa umma, na ya kupata vifaa vya kumsaidia. Mwaka wa 2025 ikaja sheria mpya kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Maneno ni mazuri. Lakini tembea kutoka stendi ya Busia hadi mpakani ukihesabu ni mara ngapi ungelazimika kushuka kwenye ukingo wa lami hadi matopeni kama ungekuwa juu ya magurudumu matatu, malori yakikupulizia moshi sikioni, ndipo utajua umbali uliopo kati ya karatasi na barabara. Kwa maoni yangu, huruma ya afisa wa forodha iliwasaidia wengi, lakini huruma huhamishwa pamoja na afisa. Njia nyembamba ya lami pembeni ya ile ya malori haihamishwi.

Huenda wewe msomaji una mtoto au jamaa nyumbani ambaye baiskeli kama hii ingemfaa, na ndiyo maana umesoma mpaka hapa. Basi mambo machache. Usinunue wala usipokee msaada wa baiskeli ambayo mwenyewe hajaikalia. Mikono ikinyooshwa mbele kabisa, pedali zisiwe mbali hata mgongo uondoke kwenye kiti, wala zisiwe karibu hata viwiko vigonge mbavu. Hakikisha anaweza kupanda na kushuka bila kubebwa, maana baiskeli inayohitaji watu wawili wa kukuinua si uhuru. Uliza breki ziko ngapi, na zijaribu mteremkoni. Kwa mtoto, kumbuka anakua. Na usisahau mabega: mtu anayetumia mikono kwa kutembea, kula, kufua na kujiinua kitandani hana mikono ya akiba, kwa hiyo maumivu ya bega yakianza yapelekwe hospitali mapema badala ya kusuguliwa dawa mpaka yazoeleke.

Na ukiamua kuja Busia kujionea, kitambulisho chako cha taifa chatosha kukuvusha hadi Uganda. Utaratibu huo ulianza mwaka wa 2014. Kamera iweke mfukoni unapokuwa karibu na maafisa, na usimpige picha mwendeshaji kabla hujamwomba. Wengine watakataa, na wana sababu. Salimia kwanza kama unavyomsalimia mtu yeyote mwenye kazi zake: kama ni mzee mwite mzee, kama ni mama mwite mama, wala usimpe shilingi ambayo hakukuomba. Ukitaka kumfaidi, mpe mzigo. Uliza bei ya kupeleka katoni moja hadi upande wa pili, mpatane, kisha tembea kando yake ukisikiliza.

Saa nzuri ni asubuhi kati ya saa moja na saa tatu, soko linapofunguka pande zote mbili, na tena jioni kuanzia saa kumi. Jioni sanduku la nyuma huwa na mizigo michache. Utaona waendeshaji wakirudi, mmoja amempakia mwanawe wa shule mahali palipokuwa na magunia, begi la vitabu mapajani, na mtoto ndiye anayepiga kengele.